Sauti juu, kiimbo bapa: kisa cha mwalimu ambaye maswali yake hayakujibiwa

Usuli

Mwalimu anayezungumziwa hapa anafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, amefundisha zaidi ya miaka kumi, na sarufi anaijua barabara. Ana vipindi vitano hadi sita kwa siku, kila kimoja cha dakika 40. Darasa lake kubwa kuliko yote lina wanafunzi zaidi ya 60, na kutoka ubaoni hadi dawati la mwisho ni kama mita nane. Sakafu ni ya saruji na paa halina dari, kwa hiyo sauti hugonga na kurudi. Mambo yanayoweza kumtambulisha yameondolewa, na baadhi ya maelezo yamebadilishwa makusudi.

Alimwendea mshauri wa ufundishaji akiwa na matatizo matatu aliyoamini hayahusiani. Kwanza, kila ikifika Alhamisi amepwelewa na sauti. Pili, akiuliza swali kwa Kiingereza darasa hunyamaza, au huitikia kwa pamoja jibu ambalo halikuombwa. Tatu, wanafunzi walipoulizwa maoni yao bila kuandika majina, wengi walisema mwalimu ni mkali kwenye Kiingereza ilhali nje ya darasa ni mpole. Alichoomba ni msaada katika hilo la pili tu.

Kilichosikika kwenye rekodi

Mshauri hakuanza na ushauri. Aliomba kipindi kimoja kirekodiwe kwa simu mbili: moja mfukoni kifuani mwa mwalimu, kama sentimita 20 kutoka mdomoni, nyingine juu ya dawati la nyuma kabisa. Ya mbele inafaa kupimia kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti. Ya nyuma inaonyesha mwanafunzi wa mwisho anapata nini. Wengi hurekodi ya mbele peke yake, kisha wanashangaa mbona kila neno liko wazi.

Yalinakiliwa maswali, amri na maneno ya kupokea majibu. Maelezo marefu ya sarufi yaliachwa. Vipande vilivyochaguliwa vilipimwa kwa Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, mipaka ya kidatu ikiwekwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 hadi 500 kwa kuwa ni sauti ya mwanamke. Hapa pana mtego. Kelele za darasa na sauti ya kukwaruza huifanya programu iruke oktava nzima, yaani isome kidatu nusu au mara mbili ya kilivyo, mstari ukaonekana umeporomoka wakati sikio halijasikia kitu. Konsonanti kama p, t, k na s nazo huukata mstari. Ndiyo maana vilipendelewa vipande vyenye sauti ghuna (zinazotetemesha nyuzi za sauti) tupu au karibu tupu, kama "Where were you?" na "Are you ready?", na hakuna mchoro ulioaminiwa kabla haujasikilizwa.

Matokeo yalikuwa wazi kuliko ilivyotarajiwa. Akizungumza kawaida na mwenzake katika chumba cha walimu, sauti yake ilicheza kati ya hezi 165 na 270, upana wa takribani nusu toni nane na nusu (nusu toni 12 hufanya oktava moja). Darasani ilikuwa kati ya hezi 255 na 330, yaani nusu toni nne na nusu. Sakafu ya sauti ilikuwa imepanda sana na dari ikasogea kidogo tu, kwa hiyo nafasi ya kupanda na kushuka ilikuwa imebaki nusu. Upimaji huu hufanywa kwa nusu toni kwa sababu sikio hulinganisha kidatu kwa uwiano: kutoka hezi 100 hadi 200 ni oktava moja, na kutoka 200 hadi 400 ni oktava moja vilevile.

Mengine yalisikika bila mashine. Kila swali liliishia juu, liwe la ndiyo au hapana, liwe la "who", "what" au "why". Mkazo mkuu uliangukia neno la mwisho la kila sentensi, hata neno hilo likiwa halina uzito: "What are you looking AT?", "Read it to US." Na aliposema "Open your books at page fifteen", mkazo uliwekwa kwenye FIF, silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyomzoesha mtu. Nusu ya darasa wakafungua ukurasa wa 50. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, mkazo ukiwa palepale, na hakuna aliyebadilisha ukurasa.

Hatua ya kwanza, na kwa nini haikushika

Walianza na kiimbo chenyewe, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi, kwa sababu ndicho kilichogusa maswali aliyoombea msaada. Kwa wiki tatu mwalimu alifanya mazoezi katika chumba kitupu: kushuka ↘, kupanda ↗, na kushuka kisha kupanda ↘↗. Alisikiliza rekodi za wasemaji wa Uingereza, akaiga sentensi moja moja, akachora mishale juu ya maswali katika andalio la somo.

Chumbani alifanya vizuri. Darasani mishale ilidumu dakika chache tu. Rekodi ya wiki ya tatu ilionyesha sakafu ya sauti imerudi karibu hezi 250, na kila ↘ lilikuwa limegeuka kuwa kijishuko kidogo kinachoishia katikati ya hewa. Zaidi ya hapo, kwa kuikodolea macho mishale alikuwa anasoma maswali badala ya kuyauliza. Mshauri akasitisha mazoezi ya toni na kubadilisha mpangilio mzima: sauti kwanza, mkazo pili, toni mwisho.

Koo lichunguzwe

Kabla ya zoezi lolote la sauti, mwalimu alipelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kupwelewa kwake kulikuwa kumezidi mwezi, na hata likizo fupi haikumponyesha kabisa. Miongozo ya madaktari wa fani hiyo nchini Marekani ya mwaka 2018 inaweka wiki nne kuwa kikomo cha kungoja kabla ya zoloto, sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, kutazamwa. Mtu mwenye uvimbe shingoni, tabu ya kupumua, au anayevuta sigara hatakiwi kungoja hata hizo. Vilevile anayeishi kwa sauti yake, na mwalimu yumo.

Nyuzi za sauti zilikutwa zimevimba kidogo, bila vinundu. Daktari alimwambia anywe maji mara kwa mara, aache kukohoa ili kusafisha koo, kwani kila kikohozi cha namna hiyo huzigonganisha nyuzi kwa nguvu, na asikimbilie kunong'ona kwa kukaza koo akidhani ni mapumziko. Koo likiwasha, meza mate au piga funda la maji.

Zoezi kuu lilikuwa la mrija. Maji huwekwa kwenye glasi, mrija ukazama sentimita mbili hadi tatu, na mtu hutoa sauti ya "uuu" kupitia mrija mpaka mapovu yatoke mfululizo. Dakika moja hadi mbili, mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, mchana, na baada ya kipindi cha mwisho. Sauti huteleza polepole kutoka chini kwenda juu na kurudi. Hewa inayozuiliwa na maji husukuma nyuma, nyuzi zikatetemeka bila kugongana sana. Makosa ni yaleyale karibu kwa kila anayeanza: kutumbukiza mrija mpaka chini, jambo linalomlazimisha asukume; kuvujisha hewa puani; na kutoa mapovu matupu bila sauti. Ukigusa koo kwa vidole na husikii mtetemo, unapuliza tu.

Kushusha sauti bila kupoteza darasa

Mwalimu aliogopa kwamba akishusha sauti darasa litamponyoka. Hofu hiyo si ya bure. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua, na wanafunzi ni watu pia: mwalimu akipaza, wanaofanya kazi ya vikundi hupaza ili wasikilizane wao kwa wao, naye akawapandia tena. Sharti la kwanza likawa kutosema chochote juu ya kelele. Anainua mkono, anapiga makofi mawili, kisha anangoja. Siku za mwanzo kungoja kulichukua hadi nusu dakika, na nusu dakika ya ukimya mbele ya wanafunzi 60 ni ndefu mno. Mwisho wa wiki ya pili zilitosha sekunde tano au sita.

Sharti la pili lilikuwa mahali pa kusimama. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Ndani ya chumba hupungua polepole kuliko hapo kwa sababu ya mwangwi, lakini mwangwi wenyewe huyavuruga maneno. Akisimama kwenye njia katikati ya madawati, mwanafunzi wa mbali zaidi yuko mita nne badala ya nane. Akiandika ubaoni hasemi. Akisema ameligeukia darasa. Hilo la ubao ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, pengine kwa sababu kalamu au chaki mkononi humfanya mwalimu aone kwamba kunyamaza ni kupoteza muda.

Sharti la tatu lilihusu pumzi. Alikuwa na tabia ya kutoa maagizo ya maneno 18 au 20 kwa pumzi moja. Hewa ikiisha, koo hukazwa ili kumalizia, na kwa kuwa alikuwa ameweka mkazo mkuu mwishoni daima, ndipo alipokaza zaidi. Agizo lilikatwa vipande: "Work in pairs. | Read the first paragraph. | Underline the verbs." Mdomo hufungwa na pumzi huvutwa kila palipo na mstari. Wanafunzi nao walipata nafasi ya kuelewa kipande kabla hakijafuatwa na kingine.

Kuhamisha mkazo

Kiingereza na Kiswahili vinatofautiana hasa katika kuonyesha jambo jipya au la kulinganisha. Kiswahili hugeuza muundo: "Amina ndiye aliyeazima", "kalamu aliyoazima ni nyekundu". Mkazo wa neno hubaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huacha maneno yote mahali pake na kuhamisha mkazo. Mwalimu alifanya zoezi la sentensi moja yenye majibu manne:

Who borrowed it? "aMIna borrowed my red pen."
Did she buy it? "Amina BORrowed my red pen."
Whose pen? "Amina borrowed MY red pen."
The blue one? "Amina borrowed my RED pen."

Anayefanya zoezi hili mara ya kwanza hukosea kwa kuongeza nguvu kwenye neno linalotakiwa huku "pen" likibaki na kidatu chake cha juu. Matokeo yake ni mikazo miwili inayopigana. Siri iko katika yanayofuata: baada ya mkazo mkuu, kila kitu hushuka chini na kukaa chini mpaka mwisho. Mwalimu alifundishwa kusema sehemu ya mwisho kama anayeitupa, na hapo tofauti ilisikika.

Pasipo ulinganisho, mkazo mkuu huenda kwenye neno la mwisho lenye maana kamili, si neno la mwisho tu: "What are you LOOKing at?", "READ it to us." Maneno kama "at", "to", "us" hupunguzwa. Yakitamkwa yote kwa uzito sawa, kama silabi za Kiswahili zinavyotamkwa, mkazo mkuu hauna pa kuchomoza. Namba ziliwekewa zoezi lake: "page fifTEEN", "page FIFty". Msaada mzuri ni kurefusha irabu ya TEEN na kuibana ile ya mwisho ya "fifty". Tahadhari kwa anayetaka kulifundisha darasani: namba ikitangulia nomino, kama "fifteen books", mkazo wake husogea mbele. Usiwafundishe wanafunzi kwamba "fifteen" ina mkazo nyuma siku zote, utajibishana nao.

Kulirudia jibu la mwanafunzi

Jambo lililozaa matunda mengi zaidi halikuwamo kwenye mpango. Rekodi ya kwanza ilionyesha kwamba mwanafunzi akijibu, mwalimu hulirudia jibu. Kati ya majibu sahihi 14 aliyoyarudia, 11 aliyarudia kwa kupanda: mwanafunzi anasema "went", mwalimu anasema "↗WENT?" akimaanisha "vyema, nimesikia". Kwa masikio ya Kiingereza, kurudia kwa kupanda huuliza: una hakika? Mara nne mwanafunzi aliacha jibu sahihi na kutoa lisilo sahihi. "Went." "↗WENT?" "Goed, madam."

Walikubaliana juu ya toni tatu kwa kazi tatu. Jibu sahihi hurudiwa kwa ↘ inayofika chini kabisa: "↘WENT." Jibu lisilo sahihi hurudiwa kwa ↗, na mwanafunzi apewe angalau sekunde tatu. Jibu lililo nusu sahihi hupewa ↘↗: "It's a ↘↗VERB" humwambia mwanafunzi kwamba hapo amepata ila kuna kilichobaki, pengine wakati wa kitenzi. Toni hii ya tatu ndiyo ngumu. Ikifanywa haraka husikika kama ↗ tupu, kwa hiyo silabi lazima irefushwe ipate nafasi ya kushuka kabla haijapanda. Neno la silabi moja fupi kama "good" halifai kuanzia mazoezi, "really" linafaa.

Maswali ya "who", "what", "where" yalipewa ↘: anza juu kwenye neno lenye mkazo mkuu, shuka hadi chini. Kanuni ya vitabuni kwamba "swali hupanda" ni kweli kwa maswali mengi ya ndiyo au hapana tu. Swali la "where" linaloishia juu huweza kusikika kama mtu anaomba arudiwe alichokwisha kuambiwa, ndiyo maana darasa lilikuwa linangoja.

Matokeo

Rekodi ya mwisho wa muhula, katika darasa lilelile kubwa, ilionyesha sauti kati ya hezi 205 na 320, upana wa nusu toni saba na robo tatu hivi. Mshuko ulifika chini. Katika dakika 15 hakuna mwanafunzi aliyebadilisha jibu sahihi baada ya kurudiwa. Maswali ya "what" na "why" yalianza kujibiwa na mtu mmoja mmoja, ingawa ukimya haukwisha kwenye maswali magumu, wala haukutarajiwa kwisha. Kupwelewa kulibaki kwa wiki mbili tu, zote za usimamizi wa mitihani na michezo ya shule.

Yasiyobadilika yapo. Akisoma kifungu kwa sauti, mkazo mkuu bado unarudi kwenye neno la mwisho la kila mstari. Wanafunzi wenyewe hawakuonyesha maendeleo ya kusikika katika maswali ya mkia kama "You've finished, haven't you?", ambayo hupanda mtu anapouliza kweli na kushuka anapotaka kuungwa mkono. Lile la ukali lilipungua, lakini lilipungua tangu wiki ya makofi mawili, kabla toni hazijaguswa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mpangilio. Mtu akipaza sauti, msukumo wa hewa chini ya nyuzi huongezeka, zoloto mara nyingi hupanda, na kidatu cha chini hupanda nacho. Kidatu cha juu kina mpaka wa mwili. Mwalimu huyu hakukosa ujuzi wa toni. Alikosa mahali pa kuzifanyia. Zoezi la ↘ kwa mtu ambaye sakafu yake ya sauti iko hezi 255 ni kumwomba ashuke ngazi ambazo hazipo. Hilo linaeleza pia kwa nini chumba kitupu kilidanganya: hakuna kelele, hakuna sababu ya kupaza. Mazoezi ya kiimbo kwa walimu yajaribiwe mapema katika chumba chenye umbali na kelele za darasa, hata kama ni wenzake wanne wanaopiga soga nyuma.

Kuiga wasemaji wa Uingereza kulikuwa na madhara madogo lakini ya kweli. Mwalimu alianza kuiga kidatu cha mtu mwingine, wakati kinachobeba maana ni mwendo: kupanda au kushuka ndani ya upana wake mwenyewe. Lafudhi yake haikuhitaji kuguswa, isipokuwa mahali panapovuruga maana kama 15 na 50.

Kuhusu ukali, rekodi ilijaa amri za neno moja, "Next!", "Louder!", zenye mshuko wa ghafla kutoka juu sana. Mwanaisimu John Gumperz alieleza kisa cha wahudumu wa mgahawa wa wafanyakazi katika uwanja wa ndege wa Uingereza, wanawake kutoka India na Pakistani, walioonekana wakorofi kwa sababu walisema "gravy" kwa kushuka wakati wenyeji walitegemea kupanda. Kwa mwalimu huyu toni ilichangia, lakini wanafunzi wake ni wasemaji wa Kiswahili kama yeye. Kilichowafikia kama ukali zaidi ni ukubwa wa sauti. Kwa hiyo "Next!" iliachwa ilivyo, ikasemwa taratibu.

Kipaza sauti cha kiunoni kilijaribiwa siku mbili kikarudishwa. Aliendelea kupaza sauti huku amekivaa, kwa kuwa kelele zilikuwa palepale. Baada ya darasa kuzoea ukimya kingemfaa, hasa wiki za mitihani, kinasa sauti chake kikiwekwa pembeni ya mdomo, sentimita tatu hadi tano, pumzi isikipige moja kwa moja. Muhula unaofuata kitajaribiwa tena katika darasa kubwa peke yake, pamoja na zoezi la kusoma vifungu ambavyo mwalimu mwenyewe ameviwekea alama ya mkazo mkuu mmoja kwa kila kipande, bila mishale.